Kopo Alilolisoma Bi Salha

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu hapa Dubai, mwanangu, si siku niliyofika wala siku niliyopandishwa cheo. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, saa kumi kasorobo alasiri. Nilikuwa nimesimama katika chumba cha kushonea sare za hoteli, mkononi nimeshika kopo dogo la peremende.

Kwanza nikuambie mimi ni nani, maana nasaha ya mtu usiyemjua ni kama dawa isiyo na jina. Naitwa Mwende, mzaliwa wa Kitui. Nimefanya kazi miaka mingi katika hoteli moja ya mtaa wa Al Barsha, nikianzia kwenye usafi wa vyumba. Hapa kwetu mtu akimaliza miaka kumi na mitano kazini, vijana humwita mzee hata kama mvi zake ni tatu. Basi mimi ni mzee, na mvi zangu zimeshapita tatu.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na nilikuwa nimeacha pombe kwa wiki sita. Usicheke. Wiki sita kwa mtu aliyezoea kunywa ni kama mfungo usio na magharibi. Nilikuwa nimeanza kama wengi wanavyoanza: siku ya mapumziko, kwa rafiki, katika chumba kimoja cha mtaa wa Satwa kilichogawanywa kwa mapazia. Tulikunywa tukicheka. Baadaye nikawa nakunywa bila kucheka, na mwishowe nikawa nakunywa bila rafiki.

Asubuhi moja nilitandika kitanda kimoja mara mbili na kingine nikakisahau, mgeni akafika akakuta shuka za mwenzake. Msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita madam, aliniita ofisini akasogea karibu yangu, akanusa. Hakutaja pombe. Alisema tu kwamba mara ya pili hatanusa, atasaini barua. Siku hiyo niliacha. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu kwamba nakunywa.

Sasa, mwanangu, kuacha ni jambo moja, na kukaa na ile nafasi iliyoachwa ni jambo jingine. Mimi saa yangu ngumu ilikuwa saa kumi, zamu inapoisha. Mikono inakuwa mitupu na kichwa kinaanza kusema.

Ghorofa ya saba, chumba cha kona, alikaa mgeni mmoja mwanamke kwa wiki tatu. Alikuwa mpole, akifanya mazoezi yake ya kujinyoosha kila asubuhi kwenye zulia, na alinisalimia kwa jina. Siku moja alitaka kunipa chupa ya divai ambayo hakuifungua. Nikamwambia asante, lakini nimeacha. Uso wake ukang'aa. Akasema hata yeye alikuwa ameacha, na kwamba kwao siku hizi watu wanaojali afya hawanywi. Jioni wanakula peremende mbili za mmea, mwili unatulia, usingizi unakuja, na asubuhi kichwa hakiumi. Nilimsikiliza kama mtu mwenye kiu anayesikia maji yakimwagika chumba cha pili.

Alipoondoka aliacha kopo juu ya mto, na kikaratasi chenye jina langu.

Wewe unayefanya kazi hotelini unajua utaratibu. Kitu cha mgeni hakitoki hivi hivi. Unakipeleka kwa msimamizi, kinaandikwa kwenye karatasi, unasaini wewe na yeye, na mlinzi wa mlango wa wafanyakazi anaitazama karatasi pamoja na mkoba wako. Nilipeleka kopo. Madam alikuwa na simu sikioni na wageni wa kundi zima wakimsubiri. Aliniuliza ni nini, nikasema peremende. Karatasi ikaandikwa: peremende, kopo moja, Mwende. Akasaini.

Lakini ile nembo ya kopo nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeona picha ya jani la bangi, na chini yake maandishi madogo yenye jina lake. Bangi naijua tangu utotoni. Nimeona vijana wa kwetu wakikimbizwa na askari kwa ajili yake. Ila bangi niliyoijua ilifungwa kwenye gazeti na ilinuka. Hii ilikuwa ndani ya kopo zuri na ilinukia limau. Nikajiambia si ile. Mtu anayetaka kudanganywa, mwanangu, hahitaji mwongo wa pili.

Kifungo cha sare yangu kilikuwa kimekatika, kwa hiyo kabla ya kutoka nikapitia kwa Bi Salha.

Bi Salha alikuwa fundi wetu wa sare, mama wa Kizanzibari ambaye ukoo wake ulikuwa hapa tangu kabla ya majengo haya. Alikuwa mwepesi wa mzaha. Nilipovua koti akanitazama toka juu hadi chini.

"Kifungo cha tatu mwezi huu. Sare inapungua au wewe unaongezeka?"

Nikamwambia ni uzi wake mbovu. Akacheka, akatunga sindano. Na mimi, nikiwa pale, nikafungua kopo nikamkaribisha peremende.

Hapa nataka unielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo lilipo kosa langu. Sikumkaribisha kwa ukarimu. Nilitaka aile, kwa sababu kama Bi Salha, mtu wa swala tano, angekula na kusema ni tamu, basi ingekuwa peremende kweli, na moyo wangu ungenyamaza.

Hakuichukua. Alinyoosha mkono kwa kopo lenyewe.

"Lete nilione kwanza. Nyinyi mnakula chochote. Mie lazima nijue mna nini."

Nilijua anachotafuta. Peremende laini za namna ile mara nyingi hutiwa jelatini, na jelatini nyingine hutoka kwa nguruwe. Bi Salha hakula biskuti wala chokoleti ya wageni bila kusoma. Alivaa miwani yake, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaenda nao taratibu, wa pili, wa tatu. Kidole kikasimama.

"Mwende. Umeisoma hii?"

"Nimeisoma."

"Ukaelewa?"

Nikainamia kifungo changu. Bi Salha aliirudisha miwani kwenye kasha lake, akalifunga kopo, akaliweka juu ya meza kati yetu.

"Na ungenilisha," alisema.

Hakuinua sauti. Nimegombezwa na watu wengi katika maisha yangu, kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Kiarabu, lakini hakuna maneno yaliyonikata kama yale mawili. Nikaanza kujitetea. Nikasema mgeni ni mtu wa afya, kwamba ni mmea tu, kwamba kwao huuzwa dukani na risiti unapewa. Halafu nikajikuta nasema nililokuwa sijamwambia mtu: kwamba nilikuwa mlevi, nimeacha, na natafuta kitu cha kushika.

Bi Salha hakushangaa hata kidogo. Alisema alijua mwaka mzima. Sare zote zilipita mikononi mwake, na pombe, alisema, hukaa kwenye kwapa la nguo siku mbili baada ya mwenyewe kusahau. Alijua pia kwamba kwa wiki kadhaa nguo zangu zilikuwa safi, na alikuwa akiniombea kimya kimya.

Kisha akaniuliza: "Ulipokuwa ukinywa, nini kilikuwa kinanyamaza?"

Nilitaka kusema uchovu. Ilitoka kweli. Nilimwambia nina mtoto wa kike, Mutheu, niliyemwacha kwa mama yangu akiwa na miezi minane; sasa alikuwa na miaka mitano, akimwita bibi yake mama, na mimi kwenye simu akiniita anti wa Dubai. Kila nilipokata simu nilikunywa.

Bi Salha alimaliza kushona kifungo, akakata uzi. Alipozungumza alizungumza pole pole, kama mtu anayepinda pindo la kitambaa chepesi.

"Kuacha pombe ni kheri, mwanangu, na sikutoi kwenye kheri yako. Lakini wewe unahama nyumba na kunguni wako. Utalala kitanda kipya, watakuuma wale wale. Na hilo la mtoto ni moja. La pili ni kopo lenyewe. Kwa huyo mgeni ni duka. Hapa ni korti. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Hapa hawatauliza kama lina harufu ya limau."

Nikasema basi nitalimwaga chooni. Akaniuliza kuhusu karatasi. Imeandikwa kopo moja, jina langu, saini yangu na saini ya madam niliyemficha. Mlinzi atauliza liko wapi, nami nitaanza uongo wa pili. Njia ya mwongo ni fupi. Akaniambia nirudi kwa madam sasa hivi, kabla ya mlango, nimwambie kweli yote.

"Atanifukuza," nikasema.

"Huenda."

Hakunifariji kwa ahadi ambayo haikuwa mkononi mwake, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema tu kwamba atatembea nami hadi mlango wa ofisi, ila kuingia nitaingia peke yangu. Tukatembea. Ushoroba ule niliusafisha mara elfu, sijawahi kuuona mrefu vile.

Nilimwambia madam kila kitu: kwamba nilisoma, kwamba nilisema nusu ya kweli, na kwamba nilitaka kitu cha kushika mahali pa pombe. Aliuliza kama nimekula hata moja. Nikasema hapana, na namshukuru Mungu ilikuwa kweli. Akamwita mkuu wa ulinzi. Kopo likatiwa kwenye bahasha na kufungwa, nikaandika maelezo, nikasaini. Siku tatu nilikaa kwenye makazi ya wafanyakazi bila kupangiwa zamu, nikingoja kuitwa na askari au na mtu wa tiketi ya kunirudisha kwetu. Niliwaza namna mama yangu atakavyomweleza Mutheu kwamba yule anti amefungwa. Sikulala, na sikunywa.

Siku ya nne niliitwa, si na askari, bali na madam. Nilipewa barua ya onyo la mwisho na nikaondolewa kwenye ghorofa za wageni, ambako nilikuwa karibu kufanywa msimamizi. Nikapelekwa kufua, chini, kwenye joto la mashine. Miaka mitatu ilipita kabla sijapanda tena. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, na ilikuwa nafuu. Ningefika mlangoni na kopo lile, leo ningekuwa nakusimulia mengine, kama ningekuwa na wa kumsimulia.

Saa kumi, zamu ikiisha, Bi Salha alinipa kitambaa na sindano. Nilishona vibaya, akafumua, nikashona tena. Mikono ikipata kazi, nilimpigia mtoto simu nikiwa nashona, simu ikiwa kwenye spika. Nilimzungumzia mambo madogo: taulo ngapi nimekunja, kitambaa cha rangi gani nashona. Haikuwa dawa ya siku moja. Nilianguka mara mbili nikanywa, na mara zote mbili nilimwambia Bi Salha kabla nguo haijamwambia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mutheu alikuwa na miaka saba aliponiita mama kwenye simu. Alisema haraka, kama mtu anayejaribu kiatu, nami nikajifanya sikushtuka.

Nakuandikia haya kwa sababu siku hizi nawasikia ninyi vijana mkizungumza, na mazungumzo yenu ni yale yale yangu. Mnasema pombe inaharibu ini na uso, kwamba mnataka kuishi vizuri. Nafurahi mno kusikia hivyo. Kizazi changu hakikuwa na akili hiyo. Kisha mnanionyesha kwenye simu matone, peremende, chai, vijiti vya kuvuta, na mnasema binamu aliye Marekani atatuma, au rafiki anayerudi kutoka safari ataleta. Mnaniambia, mama, hii si bangi, hii ni ya afya.

Sikiliza, mwanangu, nikueleze taratibu. Sisemi walio kwao wanakotumia kwa idhini ya sheria yao na ya daktari wao ni watu wabaya. Yule mgeni alikuwa mwema. Lakini wewe hauko kwao, uko hapa, na hapa kitu chenye mmea ule, kiwe mafuta au kiwe peremende, kinaweza kukutoa kitandani mwako na kukuingiza kwenye seli. Usikinunue, usikipokee, usimbebee mtu mzigo usioujua una nini ndani, na usidhani ukikila ughaibuni kabla ya kupanda ndege kimekwisha, damu hupimwa. Kama daktari wa nchi nyingine amekuandikia dawa ya namna hiyo, waulize wanaohusika hapa kabla hujaitia kwenye sanduku, wala usiniulize mimi au rafiki yako. Soma kila nembo kwa kidole, na kidole kikisimama, nawe simama.

Na kuhusu pombe, iache, lakini usiruke majivu ukakanyaga moto. Kama umekuwa ukinywa kila siku, usikate ghafla peke yako ukijifanya shujaa. Mwili huweza kutetemeka hata ukadhurika. Nenda kwa daktari umwambie kiasi cha kweli. Tafuta mtu mmoja unayemwogopa kidogo na kumpenda sana, umwambie saa yako ngumu ni ipi. Kisha jiulize, bila haraka na bila kujichukia, ni nini ulichokuwa ukikinyamazisha. Kipe nafasi kiseme. Mara nyingi kina jina la mtu, na mtu huyo ana simu.

Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwenu na miguu yako miwili na akili yako timamu. Akupe usingizi usiouzwa. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akutangulizie mtu wa kutembea nawe mpaka mlangoni, na akupe moyo wa kuingia.