Ng'ombe wa Kitabuni

Miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa nilifundisha kisomo cha watu wazima karibu na Ilongero, Singida. Wanafunzi wangu wengi walinizidi umri, na hawakuwa na kitabu cha hesabu cha kurudi nacho nyumbani. Nikawaandikia kimoja kwa mkono, cha kujumlisha na kutoa kwa madebe ya uwele na vibuyu vya asali. Kisha nikapanda treni Manyoni kwenda Dar es Salaam kutafuta wa kukichapa.

Mhariri wa kampuni moja ya vitabu alikipekua akiwa amesimama. "Ndugu Mwalimu, Singida bila ng'ombe? Jaza ng'ombe humu, ndipo tutakinunua."

Nilimweleza kwamba wazee wetu hawahesabu mifugo kwa sauti. Mzee hutazama zizi, akajua kwa rangi na pembe nani hajarudi. Kutaja idadi ni kuita balaa.

"Basi ndiyo maana wanahitaji hesabu," akasema, akacheka.

Nilirudi nimechoka, nikaandika ng'ombe. Nilitaka sana wapate kitabu, na nilijiambia kuwa anayemwomba Mungu haogopi hesabu. Alasiri, walipotoka shamba la pamoja, niliandika ubaoni: Mzee ana ng'ombe kumi na wawili, watatu wamekufa. Amebaki na wangapi?

Mzee wa mbele, rika la baba yangu, akauliza, "Mwalimu, ng'ombe wa nani hao?"

"Wa kitabuni tu, baba."

"Na huyo mwenye ng'ombe amekukosea nini, hata umuulie mifugo mbele za watu?"

Mama mmoja akadakia, "Futa, mwalimu, wangu wasije wakasikia!"

Wakacheka wote, lakini penseli hawakuzigusa. Nikafuta.

Nilirudisha madebe na vibuyu kitabuni, nikamtumia mhariri yule mswada kwa posta. Ukarudi. Nikautuma kwa mchapaji mwingine. Huyo akataka minazi. Sikuwa tena na nguvu ya kubishana.

Basi kila alasiri nikawa nanakili ukurasa ubaoni, nao wakanakili kwenye madaftari yao, polepole, wengine kwa mwandiko ambao hata mimi sikuweza kuusoma. Walikwenda nayo nyumbani hivyo hivyo. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa bega la kulia linaniuma mpaka leo.