Kujitoa na Kujitolea

Mawele yangu yalikuwa yanakomaa ng'ambo ya mto, na mimi nimefungiwa kijijini. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, hukutoka bila ruhusa, na kila asubuhi tulipelekwa kuchimba handaki kwa lazima, bila kuuliza nani ana shamba la kulinda. Nikisikia kwelea, wale ndege wala nafaka, wakipita juu ya paa, nasimama. Nakaa, nasimama tena. Mama mkwe alichoka nami. "Wewe utachimba sakafu kwa miguu. Tulia!" Nitatuliaje? Mume wangu alikuwa kizuizini. Hayo mawele ndiyo yangetulisha, mimi, mama mkwe na watoto wangu, mpaka mvua nyingine.

Siku moja filimbi ikalia, tukakusanyika. Hedimani, mkuu wetu aliyewekwa na serikali, alisimama na mzungu wa idara ya wanyama. Tulimwita Bwana Nyama, ingawa nyama yenyewe alitukataza kuionja. Hedimani alikuwa mtu wa kwetu, lugha yetu ya Kimbeere aliinyonya kwa mama yake, lakini siku hiyo alisema Kiswahili ili mzungu asikie. Akasema huko chini pametengwa mahali pa kuhifadhi wanyama, panahitaji mikono. "Wenye kujitolea, upande huu!"

Sisi wanawake Kiswahili chetu kilikuwa cha kununulia chumvi. Jirani yangu akanigusa mbavu. "Umesikia? Wanaotaka kujitoa."

"Kujitoa handakini?"

"Sasa wapi kwingine? Kimbia kabla hajageuza maneno!"

Nilikimbia. Tulisukumana kama watu wanaogombea maji. Bwana Nyama alifurahi mpaka akavua kofia, hajapata kuona watu wanaopenda ndovu namna ile. Na hedimani? Nilimwona anauma mdomo asicheke. Alijua tumeelewa nini, akanyamaza. Wa kwanza kulaumiwa ni yeye, na mpaka leo sibadilishi.

Ndivyo tulivyokuwa kikundi cha kujitolea. Tulifyeka njia ya kuzuia moto, tukachimba bwawa ili ndovu na nyati wasihame wakati wa kiangazi. Ukisimama ukingoni mwa bwawa uliona shamba langu ng'ambo, na ndege juu yake wanapanda na kushuka kama moshi. Napiga jembe, naangalia. Napiga tena, naangalia.

Nikamwendea hedimani. "Nipe asubuhi moja tu, nikafukuze ndege."

"Mama, kuna mtu alikushika mkono siku ile?"

"Hapana."

"Ulikimbia na mguu wa nani?"

"Wangu."

"Basi uombe ruhusa huo mguu." Homugadi, askari wake wa kutulinda, walicheka mpaka mmoja akaegemea bunduki yake. Na hao pia nawahesabu kwenye lawama.

Bwana Nyama alipokuja kukagua bwawa, nilitupa jembe nikasimama mbele yake. "Bwana, mimi nataka kujitoa. Kujitoa!"

Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza, kama changu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndiyo, mama. Umejitoa sana. Wanyama wanashukuru." Watu husema yeye hakuelewa, asilaumiwe. Mimi namlaumu. Kutoelewa kwake kulimchimbia bwawa.

Nikaondoka tu, mbele ya macho yao. Homugadi mmoja akainua bunduki, hedimani akamshusha mkono. "Mwache. Aende akaone."

Niliona. Mabua yalisimama vizuri, yamejipanga kama nilivyoyapanda. Nilisugua masuke kiganjani, nikapuliza, yakabaki maganda matupu. Nikahamia mstari mwingine, nikapuliza. Nilizunguka shamba lote hivyo, nashindwa kusimama mahali pamoja, mpaka vumbi la makapi likanijaa puani.

Nilipofika kijijini mama mkwe alikuwa amekwisha kuambiwa nimevuka mto. Alikuwa amebandika chungu, maji yanatokota, watoto wameketi karibu.

"Umeleta hata kidogo?"

Niliinama, nikavuta kuni nje ya moto.