Geti la Madume

Kwa wafuga kondoo wa Wimmera, huko Australia, mtu husamehewa hata ulevi, lakini si kuacha geti wazi. Ukilikuta limefungwa, ukishapita unalifunga tena. Ndiyo maana siku ile madume walipokutwa katikati ya majike, miezi minne kabla ya wakati wa kupandisha, nyumba ya akina Haddrick iliwaka hasira. Wanakondoo wangezaliwa Machi, malisho yameisha kwa kiangazi.

Murray, baba mwenye nyumba, hakuuliza nani. Alimgeukia binti yake Bronte, wa miaka kumi na mitano.

"Kichwa cha panzi! Jumamosi huendi maonyesho ya mifugo. Na huyo kondoo wako abaki hapa hapa."

Kondoo huyo Bronte alimlea kwa chupa tangu siku ya kwanza. Alimtazama mama yake, Lorelle.

"Mara ngapi nimekwambia, Bronte?" Lorelle akasema.

Alisema hivyo ilhali geti aliliacha wazi yeye. Alilifungua, akakumbuka keki iliyokuwa kwenye oveni, akaondoka na pikapu mbio. Keki yenyewe iliungua. Nyani haoni kundule, lakini huyu wa kwetu aliliona vizuri sana, akalikalia.

Alhamisi Lorelle alimpeleka Bronte mjini kwa Daktari Perera, akachunguzwe huo usahaulifu. Daktari alisoma ripoti za shule, akasema ni ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia na kusahausahau, tena wala si jambo la ajabu: kwa watoto na vijana, kama sita hadi kumi katika kila mia.

"Wakikua inaisha?" Lorelle aliuliza.

"Kwa wengine hupungua. Watu wazima ni wawili hadi sita katika mia, na wengi wao hawajawahi kuambiwa. Huwa inatembea kwenye ukoo. Kwenu kuna mwingine? Anayesahau, anayeanza kitu akakiacha katikati?"

Lorelle alikumbuka funguo kwenye friji, blanketi alilolifuma nusu miaka tisa iliyopita, keki. Uso ulimwaka.

"Hakuna," alisema. Bronte aliangalia viatu vyake.

Walirudi nyumbani. Kwenye geti la madume Bronte alishuka kufungua, maana hiyo ni kazi ya abiria. Pikapu ilipopita alifunga, akautikisa mnyororo. Akapiga hatua tatu, akarudi kuutikisa tena, ndipo akapanda garini.

"Mama, nimefunga. Umeniona, sivyo? Baba akiuliza, sema umeniona."

Aibu ilimshika Lorelle. Alizima injini.

"Bronte, mwanangu. Siku ile... geti nililiacha wazi mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa ndio nashuka basi la shule. Nilikuona unatimua vumbi. Nikakimbilia geti, madume wakaniwahi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Lorelle alifunika uso kwa mikono. Mbele kidogo, kwenye banda la kunyolea kondoo, Murray alikuwa amesimama akiwatazama. Bronte aliinama upande wa usukani, akazungusha ufunguo, akaiwasha injini mwenyewe.

"Twende ukamwambie, Mama. Sasa hivi, kabla hujasahau."