Barua ya Dada ya Kuacha Kazi

Barua ya dada yangu ya kuacha kazi niliiandika mimi, kwa sababu mwandiko wake ni kama kuku kapita na miguu ya matope. Alikuwa anauza vitenge kwenye duka moja la mtaa wa Mwanga. Tajiri wake alikuwa na tabia ya kumtuma stoo akahesabu doti, halafu anaingia nyuma yake na kurudishia mlango. Alimshika mara mbili. Mara ya tatu dada akamsukuma, akarudi nyumbani mchana kweupe, mtandio mkononi.

Mama hakupiga kelele. Alifunga dirisha kwanza.

"Andika matatizo ya kifamilia," akaniambia. "Msichana akishatajwa Ujiji, hatajwi mara moja."

Nikaandika. Ila mimi mdomo wangu haufungi hata kwenye karatasi, nikaongeza mwishoni: "Nakushukuru kwa kunilea kama baba yangu mzazi." Niliona nimemchoma yule mzee vizuri sana. Dada alisaini bila kusoma, macho yamevimba.

Wiki ya nne tukamfuata mama mmoja wa Rusimbi anayesaidia watu mambo ya sheria. Akatuambia mtu akishikwashikwa kazini mpaka akaacha, sheria inaweza kumhesabu kama kaachishwa, mradi apeleke lalamiko kwenye tume ya usuluhishi wa kazi ndani ya siku thelathini tangu aache. Na polisi pia anaweza kwenda. Dada akakaa wima kwenye kiti, mara ya kwanza mwezi ule. Ndipo mama yule akaomba nakala ya barua.

Akasoma. Mstari wa mwisho akaurudia kwa sauti.

"Mwanangu, huyu ndiye aliyekushika?"

"Ndiye."

"Sasa baba mzazi katokea wapi humu?"

Dada akanigeukia. Mimi nilikuwa nasoma kalenda ya ukutani, ya mwaka juzi.

"Hii ndiyo tajiri wako atakayokuja nayo kujitetea," akasema mama yule. "Mtahitaji mtu wa kueleza iliandikwaje, na kwa nini."

Mama yetu alikataa kwenda kusema mbele za watu. Nikabaki mimi. Fomu ya lalamiko tuliipeleka siku ya ishirini na tisa, na kwenye kikao bado hatujaitwa.

Jana tulikuwa tunaosha vyombo. Dada akauliza bila kuniangalia:

"Utawaambia ulikuwa utani?"

"Ndiyo."

"Wakikuuliza ulikuwa unamcheka nani?"

Nikaendelea kusuuza sahani ileile.