Upande Mdogo wa Mama Pima

Mama Pima alishona nguo za wanawake maisha yake yote, na kama kuna mtu aliyepaswa kuyajua maumbile ya wanawake, ni yeye. Lakini kinyozi hajinyoi. Utepe wake ulizunguka kifua cha mteja juu ya nguo ukatoa namba moja, na namba hiyo haisemi upande upi umechangia nini. Kisha kitambaa hukunjwa na kukatwa pamoja, kushoto na kulia vikatoka mapacha. Kwa kukata hivyo mwaka nenda mwaka rudi, akaamini kwamba Mungu naye hukunja kitambaa anapoumba wanawake, ila siku ya kumuumba yeye mkasi uliteleza.

Titi lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, tena kwa tofauti ya kuonekana. Tangu usichana aliweka kipande cha sponji ndani ya sidiria, na kwa ufundi wake hakuna aliyeshtuka. Mumewe, Mzee Rangi, alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa mzaha aliyeitania sura yake mwenyewe kabla watu hawajaanza. Walikuwa wamezaa na kusomesha, lakini siku zote taa ilizimwa kwanza. Mama Pima aliizima siku ya harusi, ikawa sheria ya nyumba. Mikono ya mume ilijua inalolijua; macho hayakuwahi kuona, na kwa Mama Pima macho ndiyo yenye kuhukumu.

Aliyemtia msukosuko ni wifi yake, muuza viatu, ambaye alikuwa ameshapimwa matiti kwa mashine hospitalini.

"Umri wetu huu ni wa kupima, wifi. Inabana kidogo, wanapiga picha, unarudi zako nyumbani."

"Nitaenda nikimaliza nguo za wateja."

"Nguo za wateja hazijawahi kuisha tangu nikujue. Kesho nakuja kukuchukua."

Mama Pima aliogopa mambo mawili: kuambiwa lile dogo ni ugonjwa, na kuonekana. La pili ndilo lililomkosesha usingizi. Mtu mzima ovyo, unaweza kusema, lakini aibu haiulizi umri.

Kesho yake, nyuma ya pazia la chumba cha picha, aliichomoa sponji akaisukumia chini kabisa ya mkoba kama mwizi. Akatoka amekumbatia kifua. Binti wa mashine alimwelekeza asimame wapi, akambana upande wa kulia, akapiga picha. Ilipofika zamu ya kushoto, masikio ya Mama Pima yaliwaka moto.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Hili halilingani na mwenzake."

"Samahani ya nini, mama? Tangu asubuhi sijaona yanayolingana sawasawa."

Mama Pima alidhani anapozwa tu. Alikaza macho ukutani mpaka kazi ikaisha.

Siku ya majibu daktari, mwanamke wa makamo, alimwambia picha zote ziko salama. Akamuuliza tofauti ile ilianza lini.

"Tangu nilipovunja ungo."

"Basi ni maumbile yako. Wanawake wengi wazima wako hivyo. Lingebadilika ghafla ningekuwa na maswali zaidi. Ukiona badiliko lolote, njoo mapema."

Njiani furaha ilimpanda, na kwenye furaha hiyo akaamua kusema kabla ujasiri haujapoa. Alimkuta mumewe uani, jua bado kali, anaosha brashi kwa mafuta ya taa.

"Wamesemaje?"

"Niko salama, baba watoto." Akaketi kwenye kopo tupu la rangi. "Ila kuna jambo. Matiti yangu hayalingani. Ndiyo maana miaka yote nilikuwa nazima taa. Nilikuwa naona haya usinione."

Mzee Rangi aliacha kuosha.

"Kutolingana nilikujua tangu tulipooana," alisema. "Sikujua kwamba ndiko kulikozima taa."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mimi. Nikajisemea, mke wangu ana huruma, hataki kuniambia sura yangu haitazamiki."

Mama Pima alimtazama usoni akiutafuta mzaha, asiupate. Akakumbuka vichekesho vyote ambavyo mumewe aliwatolea wageni kuhusu sura yake, na yeye mkewe akicheka pamoja nao. Aibu ya mwili alishaizoea. Hii ya sasa ilikuwa ngeni, kwa kuwa mtu huyu hakuwa amemkosea lolote, naye mkewe alikuwa amemwacha alale na dhana hiyo usiku hadi usiku, ujana wake wote na utu uzima wake.

Alitaka kumwambia si kweli. Lakini angesadiki vipi, baada ya vicheko vyote vile? Mzee Rangi akainama, akaendelea kusugua brashi ambayo ilikuwa imeshatakata.