Mtangazaji Aliyekula Samaki wa Mama

Simu ya mkuu wa idara ilinikuta Obunga, nikimgeuzia mama samaki kwenye karai la mafuta. Aliniambia nimepewa ufadhili wa masomo, ule unaotolewa kila mwaka kwa mwanafunzi wa uanahabari kwa kumbukumbu ya mtangazaji mmoja wa Kisumu aliyefariki angali kijana. Karo yangu yote iliyobaki ingelipwa. Kisha akanitajia jina la marehemu, na mimi, badala ya kushangilia, nikamuuliza kama ana uhakika.

"Uhakika wa nini?" alishangaa.

Nikamshukuru na kukata simu. Mama alikuwa akinitazama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimelipiwa karo."

"Sasa mbona umesimama kama mtu wa matanga?"

Nikamtajia lile jina. Aliweka mwiko chini polepole. "Si ni yule wa redio?"

Alikuwa ni yule wa redio.

Nilikuwa ningali shule ya msingi alipokuja mtaani kwetu na kinasa sauti chake. Mama alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, ambayo watu wengi wa Obunga hununua jioni wale na ugali. Yule dada aliketi juu ya mtungi wa plastiki kama jirani, akala kwa vidole, akauliza maswali huku akilamba chumvi. Mama alimpenda. Alipoondoka alifungiwa kipande kikubwa cha kupeleka nyumbani.

Wiki hiyo hiyo kipindi kilitoka. Alisema akina mama wa Obunga wanafanya kazi ngumu, lakini samaki wao hukaa juani, nzi wakitua juu yao, na hakuna maji ya kuwaosha. Halafu ikaja sauti ya mama yangu: "Maji hatuna. Tunakaanga hivyo hivyo, moto unaua kila kitu." Mama alikuwa amesema hayo akicheka. Redioni kicheko hakikusikika.

Wateja walipotea. Watoto walikuwa wakipita mbele ya karai wakiimba, "Moto unaua kila kitu!" Mama akaanza kuuza sukuma wiki, ambayo haikumlipa, nami nikakaa nyumbani muhula mzima. Baadaye bomba la maji liliwekwa karibu na pale, kibanda cha mabati kikajengwa, na mama akarudia karai lake. Majirani walisema ni kwa sababu ya kile kipindi. Mama alisema ni kwa sababu ya uchaguzi.

Nami nilikuwa na langu. Jioni ile sauti ya mama ilipotoka redioni, kabla sijaelewa maana ya kilichosemwa, nilifurahi mpaka nikasimama. Mama yangu alikuwa anasikika Milimani kwa matajiri, anasikika kila mahali! Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuitamani kazi hii. Kwa hiyo sikujua kama mwanamke yule ndiye aliyenitoa shuleni au ndiye aliyenipeleka.

"Nikatae?" nilimuuliza mama.

"Ukatae halafu ulipe na nini? Na mifupa?" Akachukua mwiko wake tena. "Chukua, nyathina. Lakini siku ya kukukabidhi ufadhili huo nitakuja. Nataka kumwona mamake yule wa redio."

Alisema "nyathina", mtoto wangu, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionitia hofu.

Alikuja kweli, amevaa gauni lake la kanisani. Ukumbi wa chuo ulikuwa umejaa. Mtangazaji aliyefanya kazi na marehemu alisimama akasema dada yule hakuwahi kuogopa mtu. Aliyefuata, mwalimu wake wa zamani, alisema alikuwa mwoga sana, ndiyo maana alikuwa makini. Mimi niliyekula naye karai moja nilimkumbuka akicheka tu. Nikaitwa kutoa shukrani.

Nilikuwa nimejiandaa, lakini nilipofika mbele maneno yaligoma. Ningemshukuru nani, na kwa lipi? Kama angekuwa hai, nisingepewa chochote. Nilianza, "Nashukuru kwamba marehemu..." nikaona sentensi inakoelekea, nikanyamaza. Watu walidhani nimezidiwa na uchungu, wakanipigia makofi. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimeaibika, na watu wananipa pole.

Wakati wa chai, mama alienda moja kwa moja kwa mama wa marehemu, mwanamke mrefu aliyestaafu ualimu, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Nilimkimbilia nimzuie, nikachelewa.

"Mwalimu, pole sana kwa mtoto," mama alisema, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakuuachilia. "Mtoto wako aliniharibia biashara."

Mkuu wa idara alikuwa karibu nasi, kikombe mkononi. Aligeuka akaanza kutazama dirishani.

Mwalimu alimkagua mama kwa muda. "Wewe ni wa wapi?"

"Obunga."

"Wa mgongo wazi?"

"Huyo huyo."

"Alileta samaki wako nyumbani," Mwalimu alisema. "Amefungwa kwa gazeti. Tulikula sote. Mimi nilikula kichwa."

Mama alimkazia macho. "Alikula, na bado akasema?"

"Alikula, na bado akasema. Nilimgombeza. Nikamwambia, mtu amekulisha, wewe unaenda kumsema! Akaniambia, Mama, na watoto wanaokula pale je?"

"Mtoto wangu alikula pale kila siku," mama alisema. "Huyu hapa. Amekufa?"

Wote wawili wakanitazama, nikiwa mzima kabisa na mandazi mkononi. Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Mama akafuata, kisha nikaona bega lake linatikisika vingine, na nikajua hacheki tena. Mwalimu pia. Walisimama pale wameshikana mikono, nami sikujua kama nilete viti au niondoke.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza mama kama amemsamehe.

"Nani?"

"Yule wa redio."

"Mtu akishakufa unamsamehe vipi? Anasikia?" Tulitembea kidogo. "Lakini kichwa ni kweli nilimpa. Sikumbuki kumpa mtu mwingine kichwa bure."

Nilimaliza masomo, na sasa nafanya kazi katika redio hapa mjini. Mwaka jana familia ilifanya maombi kwenye kaburi la marehemu, bomani kwao kijijini, ng'ambo ya Kisian. Nilidhani nitaalikwa mimi, mwanafunzi aliyefadhiliwa. Aliyealikwa ni mama. Mimi nilimsindikiza nikibeba sufuria.

Baada ya maombi nilikwenda jikoni kuuliza kama wanahitaji msaada. Walikuwa wawili, mama na Mwalimu, wamekaa kwenye viti vifupi wakiparua samaki na kuzungumza Kijaluo kwa sauti ya chini. Nilisikia jina la marehemu, halafu langu. Niliposukuma mlango walinyamaza.

"Unataka nini?" mama aliniuliza.

Nikasema nilikuwa natafuta maji ya kunywa. Mwalimu alinionyesha mtungi kwa kisu, na wakaningoja ninywe, nitoke.