Nusu ya Pili

Wiki iliyopita mhadhiri alitugawia ngozi ya mbuzi tujifunze kushona vidonda. Sindano ilipozama, nilimwona dada yangu Nekesa kama siku ile ya utotoni, kwenye sakafu ya chumba chetu kule Mbotela, uso wote damu.

Tulikuwa na riwaya moja ya vijana, tukaichana katikati ili kila mtu awe na yake ya kusoma. Nusu yangu iliishia pale msichana anapopigwa kichwani na kusahau hata jina lake. Nekesa alikuwa ameshaimaliza hiyo. Mchana ule alishika nusu ya pili, akaisoma polepole, makusudi, huku akinicheka.

"Leta basi!"

"Ngoja zamu yako."

Nikachukua kufuli la mlango nikampiga nalo kwenye paji la uso. Mfupa ulilia ko. Kwa jirani dagaa wa omena walikuwa wakikaangwa, na harufu yao ikachanganyika na ya damu. Nikampiga tena, nikamnyang'anya kurasa.

Mama akaingia mbio. "Nani amekufanyia hivi?"

Nekesa alinitazama kwa jicho moja, lile ambalo halikujaa damu. "Sikumbuki, Mama."

Nilifurahi! Kumbe kitabu kilisema kweli. Kwa miaka mingi nilimhurumia kwa kupoteza kumbukumbu. Siku hizi nasomea ubongo, na sijaona pigo linalochagua kufuta jina la mkosaji peke yake.

Jumapili nilimgusa Nekesa kovu la pajini, nikamuuliza kama bado hakumbuki.

"Nirudishie nusu yangu," akasema.